Kugombea Chumba cha Kufikiria

Jumatatu, 6 Oktoba
Habari zimetoka. Kitivo chetu hapa Split kinaanzisha Kituo cha Utafiti wa Fikra. Falsafa, saikolojia, ubongo, isimu, wanyama, vyote kapu moja. Kiongozi mmoja tu. Na kiongozi anapewa chumba namba 14. Chumba changu! Miaka ishirini na mbili nimefikiria mle, juu ya kochi la kahawia, dirisha likitazama bahari. Atakayeshindwa anahamia chini kabisa, jirani na tanuri la kupashia jengo joto.

Tumebaki wawili. Mimi, Jerko Skelin, wa falsafa. Na Vinka Roglić wa saikolojia, anayening'iniza saa ya sekunde shingoni kama refa. Mkuu wa kitivo, Mama Zorka, anataka Alhamisi kila mmoja alete jibu la swali moja: fikra ni nini?

Swali jepesi. Nimelifundisha maisha yangu yote. Nikakaa kochini kuandika. Saa mbili nzima. Nimeandika: "Fikra ni".

Hila basi! Nitawazungukia watu wa fani nyingine, niwanyweshe kahawa, niwachote maarifa, niyalete kama yangu.

Nimeanza na yule wa isimu. Akashikilia kwamba tunafikiri kwa maneno. Nikamuuliza, je, mtu anapolitafuta neno lililokwama kwenye ncha ya ulimi, wakati huo anafikiri kwa nini? Akaagiza kahawa ya pili. Kumbe swali zuri! Nami sijui jibu lake. Kisha yule bibi wa viumbe vya bahari: eti sehemu kubwa ya mishipa ya fahamu ya pweza imo mikononi, na mkono unaweza kujiamulia mambo bila kungoja kichwa. Nimeduwaa. Mkono unajua nini ambacho kichwa hakijui?

Nyumbani Neda, mke wangu, kapika pweza kwa viazi. Nikaukodolea macho mkono mmoja sahanini, nikitaka kujua ulikuwa na maoni gani. Neda akaniambia nile, mwenzangu huyo keshamaliza kufikiri, mimi hata sijaanza.

Jumanne, 7 Oktoba
Leo upelelezi. Vinka anatafuta watu wa kujaribiwa: unafumbua fumbo huku ukisema kwa sauti kila linalopita kichwani. Nimejitolea, ili nichungulie karatasi zake.

Akanikalisha mbele ya vijiti vitatu na visahani vya mbao. Akaniomba nisichuje chochote, niseme tu. Akawasha kinasa sauti. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikaanza vizuri. Kisahani kidogo kulia. Kikubwa katikati. Karatasi zake ziko kushoto, chini ya kikombe. Akitoka tu nazibeba. Kidogo juu ya kikubwa. Akishika chumba changu nitamfichia funguo...

Nimeshtuka dakika ya kumi na moja. Vinka anaandika tu, ametulia tuli. Akaniuliza kwa upole kama siku zote nimekuwa na mawazo hayo kuhusu nywele zake. Nywele? Sikumbuki kabisa kutaja nywele!

Mlangoni akanishukuru. "Profesa, miaka yangu yote sijapata mtu aliye wazi kama wewe. Njoo tena, jamani."

Lakini jambo limenikaa. Kama mimi ndiye niliyesema, kwa nini nimechelewa kusikia? Aliyekuwa akisema ni nani? Nimetembea ufukwe wote na swali hilo, nikapitiliza nyumba yangu.

Jumatano, 8 Oktoba
Jugo limeanza. Ule upepo wa kusini, mzito, wenye unyevunyevu, unaovimbisha milango na vichwa.

Hila ya pili. Daktari Lovre, mtu wa ubongo, ana kofia yenye nyaya arobaini. Akiipima akili yangu, karatasi itaonyesha jinsi kichwa cha mwanafalsafa kinavyochemka. Vinka atakoma!

Miadi ni saa tano. Lakini saa nne ni marenda, mlo wetu wa asubuhi, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeruka marenda. Mzee Pave, bawabu wetu, alikuwa ameshatandika meza: dagaa wa kukaanga, mboga, mkate, divai iliyochanganywa na maji. Tumeinuka saa sita. Lovre alikuwa bado ananingoja, masikini.

Akanivalisha kofia. Akanitaka nitafakari jambo gumu kuliko yote ninayoyajua. Nikachagua wakati. Wakati ni nini? Nikafumba macho niukabili.

Ikaja fjaka. Mtu wa kwetu haulizi fjaka ni nini; ni pale mchana mwili upo kitini na akili imekwenda kuogelea peke yake. Si usingizi. Si uvivu, ingawa Neda ana maoni yake.

Nilipofumbua macho Lovre alikuwa na machozi. Nikamuuliza, fikra nyingi mno kwa mashine? Akanikumbatia. "Hakuna kitu, Profesa! Dakika arobaini, hujalala, na hakuna kitu! Bahari shwari!" Nikamsihi aichome karatasi. Akasema sayansi haichomwi moto.

Mzee Pave keshapata habari. Anasema yeye alikuwa akijua tangu zamani, ila hakuwa na mashine.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jugo linazidi. Nimewaza mpango wa dharura: kikao kiahirishwe! Toka enzi za mababu, watu wa pwani hii hawakati shauri jugo linapovuma. Nimempigia Mama Zorka saa moja asubuhi. Akakohoa, akalalamika kichwa chake kama boga, akakubali mara moja. Jumatatu, basi. Ushindi!

Lovre naye kafurahi. Amepata siku nne za kuikuza karatasi yangu iwe na ukubwa wa mlango.

Jumatatu, 13 Oktoba
Upepo umegeuka. Anga safi. Kikao.

Vinka kaeleza fikra kwa dakika kumi na mbili kamili, kwa saa yake. Mimi nikasimama na karatasi yangu. "Fikra ni". Nikaomba radhi. Nikasema ukweli kwamba sijui, kwamba kuna neno lisilokuja, mkono wa pweza, na mdomo unaonena kabla ya mwenyewe, na kwamba juma zima sijalala vizuri kwa kutaka kujua. Wote wakakodoa macho. Nikadhani nimewagusa. Kumbe walikuwa wanaitazama karatasi ya Lovre ukutani nyuma yangu.

Uongozi kapewa Vinka. Mama Zorka akaninong'oneza kwamba Alhamisi barua ya uteuzi ilikuwa tayari mezani, jina langu juu yake, kwa ajili ya umri wangu tu. Ni mimi niliyeomba kuahirisha. Nimekaa chini taratibu.

Kisha Vinka akasimama. Akasema chumba namba 14 hakitaki. Kina kitu adimu ambacho hakipaswi kusogezwa hata shubiri moja: mimi, na kochi langu. Kila siku, saa saba hadi saa nane, Profesa Skelin atakaa mle asifikirie chochote, kwa manufaa ya Kituo. Nimepewa fomu ya kurasa nne. Nimetia saini bila kusoma. Mwanafalsafa hasomi fomu.

Chumba changu! Yeye kahamia kwenye tanuri. Neda kacheka hadi kashika ukuta. Anasema mume wake hatimaye kapata kazi anayoiweza.

Jumatano, 15 Oktoba
Balaa. Siku mbili nimeshindwa kutofikiri. Nikikaa tu yanakuja yote: pweza, wakati, nywele za Vinka. Lovre anatikisa kichwa. Nisipopata fjaka kufikia mwisho wa mwezi, nitashuka kwenye tanuri pamoja na kochi.

Lakini nina hila! Kesho kofia nitamvalisha Mzee Pave kwa siri, baada ya marenda, pazia likiwa limeshushwa. Kichwa chake kitulie, jina liwe langu. Kisha nitamwendea Mama Zorka, nimng'oe Vinka uongozini kabla ya Krismasi. Nimeupanga mpango wote leo nikizunguka chumbani na kuusema kwa sauti, neno kwa neno, maana nimegundua ndivyo ninavyofikiri vizuri zaidi.

Kwenye rafu kuna taa ndogo nyekundu. Mpya. Inapendeza. Imenitia moyo sana.