Jina la Karatasi

Jumamosi, 1 Machi 1969

Suey Lan kaniletea supu tena. Mifupa ya nguruwe na mizizi ya yungiyungi, ndani ya chupa ileile ya mdomo mpana yenye kifuniko chekundu. Kapanda ghorofa tatu, na mgongo wenyewe umeinama kutwa juu ya cherehani. Akanikabidhi mlangoni, akasema, "Kunywa ingali moto, kaka."

Kaka. Supu yote imeteremka, neno hilo limekwama kooni.

Niseme hapa, maana hapa hasomi mtu. Mimi si kaka yake. Si Hom hata kidogo. Baba yangu alikuwa Louie, mkulima wa mpunga. Mwaka 1928 alininunulia karatasi za mwana wa Bwana Hom mmoja wa San Francisco, kwa kuwa asiye na baba huku hakufunguliwa mlango. Melini nilikariri kijiji nisichowahi kukiona: ngazi za nyumba ngapi, kisima upande gani, kuku wangapi. Halafu nikatupa baharini kijitabu chenye majibu hayo. Kule kisiwani, kwenye kituo cha wahamiaji, walinihoji siku tatu. Kuku nilikosea, ila walinipitisha.

Tangu hapo mimi ni Hom Wing Sek. Ninakaa nyumba ya ukoo wa Hom, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha la mtaani. Ni katibu msaidizi na mtunza kitabu cha nasaba. Miaka ya ujana wangu sheria haikuturuhusu kuleta wake. Ilipoturuhusu nilikuwa na mvi. Sasa nina miaka sitini na moja na nimempenda Suey Lan, mjane aliyezaliwa Hom. Na Hom haoi Hom. Hilo halisemwi hata kwa utani.

Nikisema kweli, huenda nikampata yeye, ila nitapoteza chumba, cheo na kiti changu cha karamu. Nikinyamaza, nabaki na supu. Mjinga angechagua moja. Mimi nitatafuta njia ya tatu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwona kinyozi Gee akimbebea Suey Lan kapu la mboga kutoka Mtaa wa Stockton. Gee! Ana meno yake yote, na jina lake ni lake. Alinipungia mkono kwa ukarimu uliozidi kiasi. Kanda kama hizo za kapu huwa zinakatika. Hizi hazikukatika.

Lakini wazo limenijia nikiwa hapo hapo kona. Ikiwa mimi siwezi kuacha kuwa Hom, basi yeye aache. Kitabu cha nasaba kiko kabatini mwangu, ufunguo uko shingoni mwangu. Bila shaka kuna babu yake mmoja aliyeokotwa mahali. Kila ukoo unaye.

Jumatano, 5 Machi

Msiba. Babu zake wote ni halali, vizazi kumi na tisa, hakuna hata aliyekohoa vibaya. Tena nimegundua kwamba baba yangu wa karatasi na Suey Lan ni watoto wa ndugu wawili.

Kidole changu kilikuwa bado juu ya mstari huo alipoingia na supu. Anasoma haraka kuliko mimi. Akasoma, akahesabu kwa vidole, akacheka hadi akashika meza. Kumbe mimi si kaka yake. Mimi ni mpwa wake. Yeye ana miaka hamsini na nne na ni shangazi yangu.

Akasema basi kuanzia leo nimwite Shangazi, na chai nimmiminie yeye kwanza, tena kwa mikono miwili. Nimemmiminia. Alipokuwa akinywa aliniangalia juu ya ukingo wa kikombe muda mrefu, kama anayesubiri nibishe. Sikubisha. Nilikuwa natafakari.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mbinu ya upole. Tumekaa bustanini, kwenye benchi langu, na wazee wakicheza karata nyuma yetu. Nikamsimulia Shangazi habari za rafiki yangu. Huyu rafiki, nikasema, anaishi kwa jina la kununua. Anampenda mwanamke ambaye kwa jina hilo hawezi kumwoa. Kila Aprili anafagia makaburi ya watu asiowajua na kuwachomea udi, na kaburi la baba yake mwenyewe hajui hata majani yamefika wapi. Hapo sauti iliniharibikia kidogo. Nikasingizia upepo.

Akauliza huyo rafiki anaogopa nini. Nikasema ana chumba kizuri, chenye dirisha.

Akasema, "Mimi pia nina dirisha. Mwambie rafiki yako aseme kwa mdomo wake. Mwanamke hawezi kumshusha mtu kutoka kwenye karatasi."

Nikamwambia nitamfikishia ujumbe. Njiani kurudi nilikuwa na furaha nusura niimbe. Mipango inaenda vizuri. Hajashuku chochote.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata. Mtu akiungama huitwa mwongo, lakini akichongewa huonekana ameonewa. Basi nitajichongea mwenyewe! Ukoo utanionea huruma, chumba wataniachia kwa aibu, na Suey Lan atasikia ukweli bila mimi kufungua kinywa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyesema ainame mwenyewe.

Nimeandika barua kwa mwenyekiti kwa mkono wa kushoto. Nilipofika kwenye jina langu mkono ulikataa. Nikaandika tu: "Ghorofa ya tatu yupo Hom wa uongo." Inatosha. Nimeitia posta.

Jumanne, 11 Machi

Nilisahau kwamba barua zote za ukoo hufunguliwa na katibu msaidizi. Ilinibidi niifungue mwenyewe, nishangae mwenyewe, kisha nimpelekee mwenyekiti. Naye, Mzee Hom Bak Yuen, akabadilika rangi, akaniamuru nimchunguze huyo laghai.

Saa nne asubuhi, habari zimekwisha kuvuja, akaja mpishi Ah Doon, jirani yangu wa kushoto, na machungwa sita. Akaniomba nisimharibie. Kumbe yeye ni Chew. Saa sita akaja yule kiziwi wa chumba cha mwisho, na machungwa manane. Yeye ni Tong, na akanisimulia kwa sauti ya kiziwi, nikafunga dirisha. Saa kumi mlango ukagongwa mara ya tatu. Mzee Hom Bak Yuen mwenyewe, ambaye ofisi yake iko mkabala na chumba changu. Alikuja na kapu zima. Sitaandika yeye ni nani, ila babu zake hawajawahi kukanyaga kijiji chetu.

Chetu! Tazama nilivyozoea.

Watu wanne ghorofa ya tatu, Hom wa kweli hata mmoja hayupo. Miaka arobaini na moja nimeogopa watu walioniogopa. Nimecheka, halafu nimekaa kitandani na machungwa yale na sikucheka tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yameumia tangu ujana.

Lakini sasa hakuna wa kunifukuza. Jumapili ni karamu ya masika. Nitamwambia Suey Lan palepale mezani, baada ya samaki kuletwa. Nimekariri sentensi yenyewe: "Jina langu ni Louie Gim Fook." Nimeisema mara ishirini mbele ya kioo. Inasikika kama jina la mtu mzuri.

Jumapili, 16 Machi

Meza thelathini, na kelele za kutosha. Nilimpangia Suey Lan kiti kando yangu. Alivaa koti la kijani nisilowahi kuliona, na nywele kazitengeneza.

Samaki akaletwa, mzima, kichwa kimeelekezwa kwangu. Nikafungua kinywa. Wakati huohuo mwenyekiti akasimama, akagonga glasi. Akasema kuna maneno ya fitina yanatembea, na yeye atayazima leo. Kama kuna mtu anataka kumwona Hom wa damu, Hom wa mfupa, amtazame Wing Sek. Akanivika ukanda mwekundu. Kuanzia leo mimi si katibu msaidizi. Ni katibu kamili, na kiti changu ni meza ya kwanza, maisha yangu yote.

Watu mia tatu walipiga makofi. Ah Doon alipiga kuliko wote. Suey Lan hakupiga. Alingoja makofi yaishe, akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Una neno la kuniambia?"

Ukanda ulikuwa wa hariri. Watu walikuwa bado wananitazama. Neno lilikuwa ulimini, nilionja hata ladha yake.

Nikasema, "Shangazi, karibu samaki."

Akachukua kipande kimoja, cha mkiani. Sikumwona akila.

Jumatatu, 17 Machi

Kaja asubuhi bila supu. Kaja na Gee. Wataoana mwezi ujao, baada ya siku ya kufagia makaburi, na kwa kuwa mimi ni katibu na ndugu yake wa karibu, anataka niandike kitabuni. Nikaandika, kwa mkono wa kulia, mwandiko wangu bora. Gee akanishika bega, akasema kuanzia sasa mpwa atanyolewa bure.

Gee alipotangulia ngazini, Suey Lan akabaki mlangoni. Akasema, "Yule rafiki yako, mwambie nilimngoja mpaka samaki akapoa." Kisha akashuka. Nilihesabu hatua zake hadi chini. Ngazi arobaini na mbili. Za nyumba ya kijijini kwetu, ile ya kweli, sizikumbuki.

Nimelia. Sioni haya, hapa hasomi mtu.

Halafu nikajikaza. Bado kuna wiki tatu, na kwa mtu mwenye akili wiki tatu ni nyingi. Nimefunga mlango nikamwandikia kila kitu: baba yangu, kisima, kuku, supu, koti la kijani. Kurasa nne. Sijawahi kuandika kitu cha kweli hivyo. Nilipoisoma barua upya niliona ina hatari kidogo kwa katibu kamili. Nikalitoa jina la Louie. Nikatoa na chumba, kwa tahadhari. Kisha nikainakili yote kwa mkono wa kushoto, na mahali pa sahihi nikaandika: Rafiki.

Nimeiviringisha nikaitia ndani ya chupa yake, nikakaza kifuniko chekundu, nikaiacha mlangoni kwake. Sikubisha hodi. Atajua tu ni nani.