Baba Mapacha wa Kukodi

Jumatatu, 6 Mei
Mama Mapacha bado yuko kwa dada yake, pamoja na wanangu wawili na pasi. Leo ametuma masharti. Niende kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, Jumanne na Alhamisi, ukumbi wa nyuma ya zahanati. Nesi mstaafu anayekiongoza atampigia simu kumweleza ninavyoendelea. Nikienda vizuri, Jumapili wanarudi. Nisipokwenda, nisahau.

Mimi! Kikundi! Mlevi ni Fundi Saa, jirani yangu wa kibanda cha pili. Kila jioni tukitoka baa lazima tushikane mikono asianguke. Ni kweli leo mteja amerudisha picha zake za pasipoti, eti zimetikisika, ana pua mbili. Nimemwambia ni yeye aliyecheka nilipokuwa napiga.

Nitapata njia. Akili ni nywele, na mimi sina kipara bado.

Jumanne, 7 Mei
Nimechunguza. Kumbe huko hawaulizi kitambulisho! Mtu anajitaja jina analotaka, basi. Papo hapo wazo likaja: aende Fundi Saa, aseme yeye ndiye Baba Mapacha. Akasita, kasema hana la kuwaambia. Nimemwambia aseme ya kwangu, anayajua yote, si yeye ninayemlilia kila siku? Ujira ni bia mbili kwa kila kikao.

Amerudi jioni, kazinywa zote mbili bila kukaa. Kasema viti ni vya plastiki na chai haina sukari ya kutosha.

Jumatano, 8 Mei
Mke wangu kanipigia mwenyewe! Sauti laini, haijasikika tangu mwaka juzi. Kaambiwa na nesi kwamba Baba Mapacha alisikiliza kwa makini, kisha akaosha vikombe vyote. Nimepokea sifa kwa unyenyekevu. Nimesema vikombe ni kitu kidogo.

Nimefunga studio mapema nikasherehekee.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa! Fundi Saa katoka kikaoni, bia zake nimeshamwekea mezani, baridi kabisa. Akazisukuma. Akaagiza maji. Nikamwuliza kama anaumwa. Hapana, leo kasimulia habari zangu na ukumbi mzima umelia, na yeye kalia, maana kaona ni zake pia. Nimemkumbusha makubaliano. Kasema atakwenda bure.

Bure! Huyu si wa kuaminika. Nimezinywa mimi, zisiharibike.

Ijumaa, 10 Mei
Mambo yamezidi. Nesi kamwambia mke wangu kwamba Baba Mapacha ni mfano wa kuigwa. Kesho ni kikao cha wazi, ndugu wamealikwa, na Mama Mapacha anakuja kunisikiliza!

Nimemwomba Fundi Saa augue. Hataki, kesho anakabidhiwa ufunguo wa ukumbi. Ufunguo wenyewe unatolewa kwa jina langu! Basi, mpango ni huu: jina likiitwa, nitawahi kusimama. Kuwahi tu.

Jumamosi, 11 Mei
Nilipata kimoja asubuhi, cha kutuliza mikono. Kikazaa.

Mama Mapacha alikuwa mstari wa mbele, kavaa gauni lake la bluu. Kanipisha kiti, kanusa, kageuza uso mbele. Nesi akaita Baba Mapacha. Tukasimama wawili. Nesi akamwomba mgeni akae. Mgeni ni mimi.

Fundi Saa akaanza na shangazi yangu, niliyemzika mara tatu ili nipate sababu ya kuchelewa nyumbani. Watu wakacheka. Halafu akaeleza siku niliyokwenda hadi geti la shemeji na viatu vya shule vya mapacha. Nikawasikia wanacheza uani. Nikatazama mikono yangu inavyotetemeka, nikarudi navyo. Viko studio hadi leo, nyuma ya pazia. Sikumbuki kumwambia hilo. Nilijifunika uso kwa leso. Nimelia, ndiyo, lakini kila mtu alikuwa analia.

Nje, Fundi Saa akamwomba Mama Mapacha msamaha, akamwambia yote. Msaliti! Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema siku zote alinisamehe kwa kudhani sijui ninachowafanyia. Kumbe najua. Akaomba viatu. Nikamletea mbio. Akavipima kwa kiganja, akasema vimeshakuwa vidogo, akanirudishia.

Kesho hawaji. Nesi kasema kiti changu kipo, niende Jumanne, kwa jina lolote nitakalo.

Jumapili, 12 Mei
Nyumba kimya. Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona. Nilimchagua mtu mwenye huruma! Anayetakiwa ni mtu mkavu. Nimempata: dalali wa vyumba, ambaye hata msibani kwa mama yake alikuwa anawaonyesha waombolezaji vyumba. Jumanne atakwenda yeye kukalia kile kiti. Nesi aliniona mara moja tu, tena uso uko ndani ya leso. Mama Mapacha akisikia nimeanza, atarudi.

Nimempeleka dalali baa nimfundishe habari zangu. Habari ya shangazi ikamchekesha sana. Vikombe akavikubali. Nilipofika kwenye viatu akaacha kucheka, akatazama meza. Kisha akasukuma glasi yake na kuagiza maji.

Nimeinywa mimi. Kesho nitafute mwingine.