Meno Juu ya Kilima

Jumamosi, 7 Juni

Nimepigwa tena. Nimefagiliwa! Waajemi wangu wote wamelala kifudifudi kwenye meza ya shemeji, na yeye anakunywa chai kama mtu aliyetoka kuoga.

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Fundi saa. Tunamwita Jemadari, naye hakatai. Kila Jumamosi mchana tunatandika kitambaa cha kijani juu ya meza yake ya chakula, tunapenyeza vitabu chini yake viwe vilima, utepe wa buluu unakuwa mto, na tunapigana vita vya kale. Warumi wake wa madini ya risasi, Waajemi wangu wa plastiki. Askari wa kimo cha kidole gumba. Unapima mwendo wao kwa rula, unarusha dadu, unaua. Mchezo wa waungwana.

Mimi natengeneza meno bandia. Kwa hiyo jeshi langu nalisubu kwa plastiki ileile ya ufizi. Jeshi zima rangi ya waridi. Jemadari husema linafanana na kicheko kilichopotelewa na mdomo. Wivu!

Ila leo nimegundua jambo. Kabla ya kusogeza kikosi, Jemadari anakipapasa. Chake na changu. Na kila akipapasa, naapa, kinahama kidogo. Kumbe ndivyo anavyoshinda! Mwizi! Hata farasi wake kawaingiza mtoni. Nikamwambia huo ni mto. Akasema anajua, farasi walikuwa na kiu.

Jumapili, 8 Juni

Mpango. Jumamosi ijayo nitanyunyiza unga wa plasta wa kazini juu ya kitambaa. Askari akihamishwa kwa hila, alama itabaki. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nitaivua nguo hiyo hadharani.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama sina kazi. Akasema nimwache kaka yake, siku hizi amepungua, chakula anakichokonoachokonoa tu. Nikasema mwenye hatia hana hamu ya kula. Akaondoka na sahani yangu kabla sijamaliza.

Alhamisi, 12 Juni

Wapiga mishale wapya wako tayari! Nimewachonga kwa nta, nikawatengenezea kalibu ya plasta, nikaisindilia plastiki na kuichemsha pamoja na kazi za ofisi. Wametoka wazuri mpaka ndevu.

Daktari wa meno, bosi wangu, akaingia ghafla. Nikawatumbukiza katika kisanduku kimojawapo tunachowekea meno ya wagonjwa. Akauliza ni nini. Nikasema ni meno ya yule mgonjwa wetu, muuguzi mstaafu. Akafurahi, akasema mama huyo anakuja kuyachukua Jumatatu. Akili yangu wakati mwingine inanitisha mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefungua kisanduku mezani kwa Jemadari. Hamna mpiga mishale hata wa dawa. Mna meno! Ya juu na ya chini, ya muuguzi mstaafu, yamekaa yananichekea.

Mtu mwingine angelia. Mimi nikapanga. Nikayaweka meno juu ya kilima. Jemadari atayaona, atacheka mpaka ashike mbavu, atasahau vita, nami nitampitia katikati.

Jemadari akainama. Akakitazama kilima. Akatikisa kichwa kwa heshima.

“Wapiga mishale wako leo wamejipanga vizuri, shemeji,” akasema. “Weupe unawapendeza.”

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Hakuwa anatania. Akachukua rula, akaisoma ikiwa imekaribia kugusa pua. Akarusha dadu, akazihesabu nukta zake kwa ncha ya kidole. Unga wangu wa plasta ulikuwa umejaa alama, kweli, lakini si za askari walioibiwa hatua. Za vidole. Vidole vilivyokuwa vinatafuta.

Nilipigana, ningefanya nini? Meno yakashindwa. Kisha Jemadari akaanza kukusanya askari, kazi ambayo siku hizi hataki nimsaidie. Nikarukia kilima. Akawahi yeye. Vidole vyake vikatua juu ya meno, vikakaa hapo. Akayatia kisandukuni, akafunga, akanikabidhi.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu kauliza nani kashinda. Nikasema kaka yako. Akasema basi mbona leo sitoi sababu.

Jumatatu, 16 Juni

Muuguzi mstaafu amekifungua kisanduku mapokezi, akakuta wapiga mishale. Ukelele wa Daktari ulifika barabarani. Nikakimbia na meno (nimeyaosha, nimeyachemsha, nimeyaosha tena). Mama wa watu hakukasirika. Akayavaa, akacheka kwa meno yake mapya, akaomba mpiga mishale mmoja akamweke juu ya televisheni. Daktari amenipa onyo la mwisho. Lile la mwisho la mwaka jana sijui alimaanisha nini.

Jioni nikapitia dukani kwa Jemadari. Alikuwa ameegemeza saa sikioni, amefumba macho.

“Meno yale ya nani?” akauliza, kabla hata sijaketi.

“Ya mgonjwa.”

“Kwa hiyo nilimshinda mgonjwa?”

“Ulimshinda.”

Saa zote ukutani zikawa zinasema. Kisha akanieleza. Kila kitu siku hizi anakiona kama kupitia kioo chenye mvuke. Anatengeneza kwa sikio na vidole. Juzi mteja karudisha saa, mshale mrefu umekaa mahali pa mfupi. Nikamuuliza kwa nini haendi hospitali ya macho. Akasema wakimwambia imekwisha, itakuwa imekwisha. Wasipomwambia, yeye bado ni fundi.

Kisha akasema nikimwambia dada yake, atawavunja miguu farasi wangu mmojammoja.

Ndipo nikatoa dau. Jumamosi nikishinda, anakwenda hospitali. Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kitambo. Akasema kama ni hivyo, yuko salama.

Ijumaa, 20 Juni

Sasa ni lazima nishinde. Mimi! Kwa akili imeshindikana, ushahidi ni miaka yote hii. Imebaki kuiba.

Nimesubu dadu. Plastiki ya meno, ndani yake nimezika kipande cha risasi ili ianguke sita kila mara. Nimejiuliza kama ni dhambi kumwibia mtu asiyeona. Nimejijibu. Kumwibia ili aone si wizi, ni matibabu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerusha. Moja.

Nimerusha tena. Moja!

Magari yangu ya vita yamepinduka, wapiga mishale wamekimbia, mfalme wangu amebaki peke yake kama mgeni aliyekosea harusi. Nimerusha. Moja!!

Jemadari akainua mkono.

“Dadu yako inachechemea,” akasema.

Nikasema dadu hazichechemei. Akaniambia nirushe tena. Akainamisha kichwa, akasikiliza kama anavyozisikiliza saa zake.

“Ina risasi ndani. Na umeiweka upande wa sita. Kizito huenda chini, shemeji. Ulitakiwa kuiweka upande wa moja.”

Nikakana. Nikaapa. Nikataja marehemu bibi yangu. Halafu sauti ikanitoka, sijui ya nani, ikasema nilitaka tu aende hospitali.

Akaanza kukusanya askari. Wake, kisha wangu. Kila mmoja akimpangusa kwa kidole gumba kabla ya kumlaza. Mfalme wangu akamshika muda mrefu kuliko wote.

“Hata kuiba umeshindwa,” akasema.

“Nimeshindwa.”

“Basi sina deni la kwenda.”

“Huna.”

Akafunga sanduku. Akalipapasa kufuli lake.

“Wewe una nafasi siku gani?”

“Nafasi ya nini?”

“Ya kunishika mkono. Dada yangu simtaki, atalia mpaka daktari ashindwe kazi. Wewe hujui kulia. Unajua kuiba tu.”

Nikatazama dari. Dari ya Jemadari ina doa karibu na taa, umbo la sufuria. Nimelitazama doa hilo mpaka nikalizoea.

Jumanne, 24 Juni

Hospitali ya macho. Ngazi nyingi. Ameshika mkono wa shati langu, mimi namhesabia. Juu nikamwongezea ngazi moja isiyokuwepo, mzaha tu. Akainua mguu, akakanyaga hewa, akanitukana mbele ya foleni nzima. Foleni ikafurahi. Yeye pia, nadhani.

Daktari wa macho ni mama mmoja mpole. Akammulika, akamgeuza, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anatolewa. Ataona. Jemadari akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba arudie tena, polepole. Akauliza kama ataiona skrubu ya saa ya kike. Daktari akasema ataiona, na vumbi lake pia.

Jemadari akasema chumba kile kina vumbi, macho yanamwasha. Nami yangu yaliwasha. Wangefagia vizuri hospitali.

Nyumbani tukamwambia mke wangu. Akalia kama tulivyotabiri. Kisha akanipiga bega kwa kumficha, akamkumbatia kaka yake, akanikumbatia na mimi, akanipiga tena.

Alhamisi, 10 Julai

Wamemfungua bandeji asubuhi. Jicho la kulia. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma. Akamtazama dada yake, akamwambia hajabadilika. Uongo, lakini mtamu. Akanitazama mimi.

“Pole, shemeji,” akasema. “Hakuna aliyeniambia kwamba umezeeka hivi.”

Nilikuwa na jibu kali sana. Nikajikuta nimemshika mkono, na wote wawili hatuachii. Muuguzi akapita, akauliza mgonjwa ni nani kati yetu.

Jicho la kushoto watalitibu mwezi ujao.

Ijumaa, 11 Julai

Mwezi ujao!

Jambo hili limenijia kazini, nikiwa nasafisha kalibu. Jicho la kulia zima. La kushoto bado ni mvuke mtupu. Jumamosi kesho tunaanza tena, amesisitiza mwenyewe. Mbele yangu kuna Jumamosi kadhaa ambazo Jemadari ana upande mmoja tu wa dunia.

Nimeanza kuchonga tembo wa vita. Mke wangu kanikuta jikoni nayeyusha nta katika sufuria yake nzuri. Akauliza ni nini tena. Nikasema ni zawadi, za kumpa pole kaka yake. Akanibusu shavuni. Akasema watu hawanijui tu, lakini mimi nina moyo mzuri.

Ni kweli. Tembo watatu. Wote wataingilia kushoto kwake.