Ukucha wa Khải

Khải alipouona moshi wa udi ukifuka kando ya bwawa la Bi Bảy, moyo wake ulicheka. Mjane, samaki waliokwisha nona, na uchaji wa kupitiliza! Vijiti vya udi vilizidi thelathini, na sanamu ya Mungu wa Ardhi ilikuwa imechomekewa sigara mdomoni kama sadaka.

"Shikamoo, shangazi! Napima maji ya mabwawa. Bure kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa barazani unywe kahawa, jua kali. Maji nitakuchotea mwenyewe kwa ndoo."

Kwa ndoo! Khải akamshukuru kimoyomoyo. Kifaa chake kilikuwa halali, tena cha maabara: kijiti chenye utando nchani wa kutambua amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Ila utando ule una udhaifu wake: ukiuletea potashi, huidhania ni amonia. Basi Khải alifuga ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, na chini yake alificha mbolea ya potashi. Akakoroga maji kwa kidole hicho, uso wa kitaalamu, kisha akachovya kijiti.

Namba za kifaa zikapanda: nne. Saba. Tisa.

"Mbingu na nchi! Shangazi, hapa pana msiba. Kesho wote chali."

Bi Bảy akajipiga kifua, akalia kilio cha kukodiwa. "Nitakula nini mie! Nani atawanunua?"

"Mimi nina huruma, ila mfukoni sina kitu."

"Hata hiyo pikipiki yako, mwanangu. Nifutie machozi tu."

Pikipiki ile Khải aliipenda kuliko mchumba wake. Lakini samaki wale wangemnunulia kumi! Wakaandikiana mbele ya jirani, na Bi Bảy akasisitiza liongezwe neno moja: wazima kwa wafu. Khải akatia sahihi huku akiuma midomo asicheke.

Akaenda kwa miguu kutafuta watu wa nyavu. Aliporudi nao alasiri, udi ulikuwa umekwisha. Harufu ya uozo ilimpokea akiwa bado barabarani, na bwawa zima lilikuwa matumbo meupe.

Akanawa mikono kwa sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu akipate kifaa kile, akakichovya bwawani bila hila. Kumi na nne.

Bi Bảy akatokea, amepakiwa na mjukuu wake wa kike kwenye pikipiki ile ile, kofia ngumu kichwani.

"Shangazi! Ulijua!"

"Sisi tunapima kwa pua, mwanangu. Samaki wangu wamegoma kula tangu juzi. Wiki iliyopita ulinunua samaki wa dada yangu, ukasema wanakufa, nao wakauzwa sokoni wanarukaruka. Nikasema, huyu apendaye wanaokufa, ngoja nimpe wanaokufa kweli."

Khải akautazama ukucha wake mrefu.

"Wazike mapema," akasema Bi Bảy akimgusa mjukuu begani waondoke. "Majirani wakilalamika, faini ni ya mwenye samaki."