Mimi, Mpangishaji

Jumatatu, 3 Juni
Kazi nimepata! Mtunza stoo, kampuni ya usafi. Kimebaki kitu kimoja tu: mkataba wa pango, kuonyesha ninapoishi. Mwisho Ijumaa. Nimemwendea mama mwenye nyumba, amekataa katakata. Eti karatasi huwaita watu wa kodi. Kodi ya kupokea anaipenda, ya kulipa hataki hata kuisikia. Miaka sita nipo chumba namba nne, na kwa maandishi simo duniani! Sikati tamaa.

Jumanne, 4 Juni
Mkataba nimejiandikia mwenyewe. Lugha nzito: "kwa mujibu wa", "pande zote mbili". Saini ya mama nimeiweka kwa mkono wa kushoto. Namba yake ya simu pia, maana fomu inaidai. Hana shida, namba ngeni hapokei. Kazi safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Amepokea! Ofisa ajira alimuuliza kama kweli yeye ni mpangaji wangu. Kumbe niliandika mimi ndiye mpangishaji, mama ndiye mpangaji. Silabi moja tu imezidi, jamani! Mama, mjanja yule, akajibu ndiyo, na mwenye nyumba wake aambiwe paa linavuja. Ofisa amenipongeza kwa kumiliki nyumba. Halafu akasema hiyo haionyeshi mimi ninalala wapi. Nilete uthibitisho mwingine Jumatatu, la sivyo kazi apewe mtu mwingine. Hapewi mtu!

Jumamosi, 8 Juni
Naandika nikiwa juu ya paa. Mama amesema nikiziba matundu yote ataniandikia barua kwa mkono wake, watu wa kodi potelea mbali. Nimeziba kumi na moja. Mgongo sina. Wapangaji wote sasa wananiita "mwenye nyumba". Fundi cherehani wa chumba namba mbili ameniletea malalamiko ya choo, kwa heshima zote. Mshenzi.

Jumapili, 9 Juni
Barua ninayo! Mama ameandika kweli: huyu anaishi kwangu miaka sita, ni mtu mwema ila muongo kidogo. Machozi yalinilenga. Lakini mwandiko ule! Mistari yote inapanda mlima. Na hiyo "muongo kidogo" ya nini? Nimeiandika upya, kitaalamu. Fundi viatu amenichongea na mhuri, kwa soli ya kandambili. Unasomeka kinyumenyume, lakini nani husoma mhuri? Barua ya mama nimewashia jiko.