Asilimia Mia ya Mama Dominika

Ofisi ya Uratibu wa Walimu Wageni, Kanda ya Mteremko, ilifurahi kuutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ile taifa lilikuwa limejitosheleza kwa Fizikia.

Tangazo lilisomwa mstarini, mbele ya bendera, katika shule moja ya sekondari ya binafsi huko Kibosho. Msomaji alikuwa Mratibu Mkuu mwenyewe, Bwana Thadeus, aliyepanda kutoka Moshi mjini kwa gari la ofisi na kufika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wanafunzi walipiga makofi pale walipoelekezwa kupiga. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, jambo ambalo Bwana Thadeus alilitaja katika utangulizi wake kama mfano mzuri wa unyenyekevu.

"Kwa hiyo," alihitimisha, "huduma ya mwalimu mgeni, Bi. Wakesho, raia wa Kenya, haihitajiki tena. Amepatikana raia wetu aliyerithishwa ujuzi wake kwa asilimia mia moja. Raia huyo ni Bi. Dominika, ambaye namwomba asogee mbele tumwone."

Hakusogea mtu. Mama Dominika alikuwa jikoni anachambua maharage.

Mwalimu Wakesho alisimama palepale kwenye safu ya walimu, chaki ikimlowa jasho mkononi. Alikuwa amefundisha hapo miaka mitano. Kwao ni Taita, ng'ambo ya mpaka, ambako mlima huohuo huonekana siku za mbingu safi, ila kwa upande wa mgongo. Kibali chake cha kuishi kiliegemea kibali cha kazi, na kibali cha kazi kiliegemea kazi. Kazi ikitolewa chini, vyote vinamwagika. Alipewa siku saba.

Lakini alichowaza wakati ule ni umeme. Kidato cha nne walikuwa wamebakiza wiki sita kabla ya mtihani wa taifa, na mada ya umeme walikuwa hawajaigusa.

Ikumbukwe kwamba hakuna aliyekosea. Kila mwaka ofisi ile hutaka shule ijaze Fomu ya Mrithi: jina la raia anayefunzwa kazi ya mgeni, na asilimia aliyofikia. Mwaka wa kwanza mkuu wa shule, Mwalimu Melkior, aliikumbuka fomu hiyo dakika za mwisho, wakati Mama Dominika mpishi akimwekea chai na ndizi mbivu mezani. Akaandika jina la aliyekuwa karibu. Kwenye asilimia akaandika ishirini, kwa kiasi. Mwaka uliofuata fomu ilirudi na swali kwa wino mwekundu: "Mbona hakuna maendeleo?" Mwalimu Melkior ni mtu mstaarabu, hapendi kumkatisha mwenzake tamaa. Akaandika arobaini. Kisha sitini. Kisha themanini. Mwaka huu, kwa sababu Mama Dominika alikuwa ametoka kuuguza mama yake na alistahili kufurahishwa, akampa mia.

"Nisamehe, Mwalimu," alimwambia Wakesho ofisini, bila kumtazama. "Ndiyo kwanza alikuwa ameniletea chai."

"Mimi?" Mama Dominika alikuwa ameitwa, na unga ulikuwa bado viganjani. "Mimi na Fizikia? Yesu wangu! Mkuu, mimi nimeishia darasa la saba, na hilo lenyewe nililimaliza kwa sababu walitaka dawati."

"Mama, usijishushe," Bwana Thadeus alimwambia kwa upole. "Una asilimia mia. Mimi mwenyewe katika uratibu sijafika hapo."

"Na nani atapika?"

"Nafasi ya mpishi itatangazwa."

"Lini?"

"Ikishatangazwa, mtaarifiwa."

Siku ya Jumanne, Wakesho aliteremka mjini. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, na mlangoni alikaa Karani Tito, kijana mwenye daftari kubwa, asiyewahi kuvunja kanuni hata moja. Alimwandika Wakesho jina, saa na rangi ya viatu, ndipo akamruhusu kuingia.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba. Karibu ukae. Hapana, ngoja, usikae. Kiti hicho ni cha waombaji wenye ajira."

Wakesho alibaki wima. Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya darasa. Darasani aliweza kuzungumza dakika themanini bila kumeza mate, lakini mbele ya meza ya mtu mkubwa sauti yake ilikuwa ikirudi ndani. "Naomba wiki sita tu. Umeme bado."

"Hiyo inaitwa rufaa, na rufaa huletwa na mwajiriwa. Je, wewe ni mwajiriwa?"

"Mmeniachisha."

"Basi unaona mwenyewe."

"Lakini kama ningekuwa na kazi, ningekata rufaa ya nini?"

"Ndiyo maana tangu tuanze hatujapokea rufaa hata moja," alisema Bwana Thadeus, na uso wake ukang'aa. "Watu wameridhika."

"Basi niruhusiwe hata kumweleza Mama Dominika mada zilizobaki."

"Kueleza ni kufundisha. Kufundisha ni kazi. Kazi huna. Makabidhiano yatafanyika kimya kimya. Tito! Msomee Kanuni ya Tisa, asije akasema hakuambiwa."

Tito alisimama mlangoni akasoma kwa sauti ya misa: "Yeyote atakayevuka mpaka kwa shughuli za Ofisi hii, awe anakwenda au anarudi, atapokelewa kwa saini. Upande wetu saini ni ya Mratibu Mkuu peke yake. Na hakuna mtu atakayejipokea mwenyewe."

"Hiyo ya mwisho niliiongeza mimi," alisema Bwana Thadeus. "Kuziba mianya."

Makabidhiano yalifanyika Alhamisi kwenye maabara. Wakesho alinyoosha kidole kwenye betri, Mama Dominika akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye waya, Mama Dominika akaitikia. Walipofika kwenye sumaku Mama Dominika alishindwa kujizuia, akaibandika kwenye kijiko na kusema, "Hee, kumbe!" Bwana Thadeus, aliyekuwa shahidi, alirekodi kwamba mrithi alionyesha umahiri wa ziada.

Ijumaa mrithi aliingia darasani na aproni yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," kidato cha nne waliitikia.

"Wanangu, mimi sijui kitu. Fungueni madaftari msome alichowaandikia Madam. Asiyesoma hapati makande."

Dirishani, Bwana Thadeus aliandika: *Mbinu shirikishi. Motisha ipo.*

Msichana mmoja, Hellen, alinyoosha mkono. "Mama, hapa Madam aliandika kichwa tu, 'Umeme', halafu kurasa tupu. Umeme unapitaje kwenye waya?"

"Muulize Madam."

"Madam haruhusiwi kusema."

Darasa zima liligeuka kutazama nje. Wakesho alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, mikono mapajani, jibu likimchoma ulimini. Alitikisa kichwa, akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Siku hiyo makande yaliungua, kwa kuwa nafasi ya mpishi ilikuwa bado haijatangazwa.

Jioni, katika kihamba cha Mama Dominika, shamba la ukoo alikokuwa amepanga chumba, Wakesho alikunja nguo zake, migomba ikikaribia kugusa dirisha. Mama Dominika alizikunjua. Wakesho akazikunja tena.

"Mama, acha. Nisipoondoka, watakuandama wewe."

"Waniandame. Mimi si nina mia?"

Sasa, kwa kuwa huyu ndiye alikuwa mgeni wa kwanza kuondoshwa na ofisi ile, Bwana Thadeus aliamua aondoshwe kwa mfano wa kuigwa. Siku saba zilipotimia, Jumatatu, msafara wa magari mawili, gari la ofisi na basi la shule, uliteremka Moshi, ukapita Himo na kushika njia ya mpakani. Mwalimu Melkior alikwenda kwa niaba ya shule. Mama Dominika alikwenda kwa niaba yake mwenyewe, na sufuria la makande limefungwa kwa khanga, asije mtoto wa watu akaingia kwao na njaa. Tito alikwenda na daftari.

Kwenye kizuizi wote wangeweza kuishia upande wetu, wakapungiana mikono. Lakini Bwana Thadeus alitaka mgeni akabidhiwe mikononi mwa nchi yake. Alivuka. Wengine wakamfuata, isipokuwa Tito, aliyebaki kwenye mstari kuandika nani amepita. Upande wa pili Bwana Thadeus alifungua hotuba ya kurasa kumi na tisa, akawasha kipaza sauti, na kusema kwamba itifaki imezingatiwa.

Alikuwa ukurasa wa tatu afisa wa zamu wa Kenya alipotoka, dada mmoja mtulivu mwenye kikombe mkononi.

"Mzee, habari ya asubuhi. Unafanya nini hapa?"

"Niko kazini, binti."

"Kazini?"

"Tangu saa kumi na mbili. Nina mashahidi."

Mwalimu Melkior, kwa ustaarabu wake, alithibitisha kwa kichwa.

"Kibali cha kufanya kazi Kenya unacho?"

"Binti, mimi ndiye ninayetoa vibali."

"Upande gani?"

Bwana Thadeus aligeuka akautazama upande huo. Ulikuwa hatua arobaini hivi.

Afisa aliweka kikombe chini, akaleta fomu. Alisoma swali la kwanza kwa sauti: je, kazi hiyo haiwezi kufanywa na raia wa Kenya? "Kutoa hotuba?" akajijibu mwenyewe. "Mzee, hizo sisi tunazo za kuuza nje." Kisha akaeleza kwa adabu kwamba njia ni mbili. Ama mzee angoje gari la kumpeleka mbele akajieleze kwa wakubwa, ama adhaminiwe na raia wa Kenya anayemfahamu, mwenye ajira, halafu aende zake.

"Unamfahamu Mkenya yeyote mwenye kazi?"

Wote walimgeukia Wakesho, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake.

"Mwalimu," alisema Bwana Thadeus, na sauti yake ilikuwa imeingia ndani kidogo. "Mwanangu. Weka saini."

Wakesho alikwisha kutoa kalamu. Alikuwa hawezi kumwona mtu akiteseka, hata mtu wa aina ile. Aliandika jina lake, akaandika kwao, akafika kwenye mstari wa nne, akasimama.

"Kuna nini?"

"Wanauliza kazi ya mdhamini. Na mwajiri wake."

"Andika mwalimu."

"Si kweli, Bwana Mratibu. Tangu Jumatatu iliyopita."

"Andika tu! Nani atajua?"

"Fomu hujazwa hivyohivyo," alisema Wakesho polepole, "ndipo mtu anajikuta mpakani."

Mwalimu Melkior alitazama viatu vyake.

"Mdhamini asiye na kazi sipokei," alisema afisa, akachukua kikombe chake.

Bwana Thadeus alifuta shingo. Alitazama barabara iendayo mbele, ambako gari lingetokea. Kisha akaingiza mkono kwenye koti akatoa mhuri, kwa maana haachani nao hata kanisani.

"Tatizo nafasi ina mrithi," alinong'ona. "Mama Dominika, hali ya asilimia yako leo ikoje?"

"Imeshuka, baba."

"Imeshuka?"

"Ilianza kushuka tulipopita Himo. Saa hizi hata taa sijui kuwasha."

Mwalimu Melkior aliichukua Fomu ya Mrithi, iliyokuwa imeambatanishwa na hotuba, akakata mia, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano akaandika sifuri. Bwana Thadeus alilaza karatasi juu ya sanduku la Wakesho, akaandika na kugonga mhuri: amerudishwa kazini, kibali miaka miwili.

"Na saini ya kumpokea akirudi," alisema Mama Dominika. "Kanuni ya Tisa. Tusisumbuane tena huko mbele."

Bwana Thadeus aliweka na hiyo.

Ndipo Wakesho alipoandika kwenye mstari wa nne, kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Mwalimu wa Fizikia, Kibosho.* Akasaini. Afisa alisoma, akaridhika, akamwambia mzee aende nyumbani salama.

Walirudi pamoja hadi kwenye mstari. Tito alikuwa amefungua daftari. Aliipokea karatasi ya Wakesho, akaona saini, akampitisha. Mwalimu Melkior na Mama Dominika walikuwa wameandikwa kama wasindikizaji, si watu wa Ofisi, akawapitisha. Halafu akanyoosha mkono.

"Bwana Mratibu, ulivuka kwa shughuli za Ofisi?"

"Tito, uliniona mwenyewe."

"Ndiyo, nimeandika. Anayekupokea ni nani?"

Bwana Thadeus alipapasa mhuri kwenye koti. "Ni mimi."

"Haiwezekani, bwana. Hakuna mtu atakayejipokea mwenyewe."

"Tito!"

"Uliiongeza wewe," alisema Tito kwa heshima kubwa. "Kuziba mianya."

Wakesho alisema haifai, hawawezi kumwacha mzee wa watu juani. Mwalimu Melkior alisema naye anaona hivyo, ila hana mamlaka. Mama Dominika alirudi na sufuria, akaliweka kwenye lami mbele ya Bwana Thadeus, akamwomba Tito ukurasa mmoja wa daftari.

"Saini hapa, baba, kwamba umelipokea. Na sufuria langu lirudi."

Alisaini.

Kipindi cha saba siku hiyo kidato cha nne walianza umeme. Ofisi ya mjini iko wazi bado, na Tito anasema kazi haijawahi kwenda vizuri namna hii. Na kila gari linalopanda Kibosho kutoka Himo, Mama Dominika hulisimamisha kuuliza habari za mpakani. Mratibu hamuulizii. Anaulizia sufuria.