Waraka Namba Tatu Kuhusu Hodi

"Kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, wananchi wote wa jinsia ya kiume wenye umri wa miaka kumi na minane na kuendelea wanajulishwa kuwa hodi imesitishwa."

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Tatu wa Ofisi ya Uthabiti wa Wanaume, Kanda ya Pwani ya Kaskazini. Ulibandikwa kwenye kila ukuta wa Bagamoyo uliobakiwa na chokaa ya kushika gundi. Aliyeutia saini ni Mratibu mwenyewe, Bwana Sufiani, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye mihuri mitatu na kiti cha kuzunguka. Msiniulize ofisi hii ilitoka wapi. Ofisi ni kama kuvu, unaamka asubuhi unaikuta.

Hekima ya waraka, hata hivyo, haikuwa ya Sufiani. Ilikuwa ya Komandoo Jiwe, yule bwana wa kwenye simu, miwani nyeusi na kilemba mpaka puani, anayewafunza vijana uanaume kwa video za dakika moja moja. "Simba hapigi hodi," alisema Komandoo. "Ukipiga hodi umeomba. Ukiomba umekwisha." Sufiani aliitazama video hiyo mara kumi na moja, akaona ofisi yake imechelewa.

Matokeo yalikuja upesi, na yote yalikuwa mazuri. Vijana wenye shida walifika ofisini asubuhi, wakasimama nje ya mlango kimya mpaka ofisi ikafungwa. Sufiani akaandika kwenye taarifa: malalamiko yamepungua kwa asilimia mia moja. Farhan, dereva wa bajaji, alikutwa nje ya nyumba ya shangazi yake akinusa pilau tangu adhuhuri.

"Mbona huingii?" Sufiani aliuliza, kalamu mkononi.

"Naingiaje, Mratibu? Nikiingia bila hodi shangazi atanimwagia maji ya moto. Na hodi mmeifunga."

"Unajisikiaje?"

"Njaa, bosi."

Sufiani akaandika: mnufaika ana msimamo. Akampa cheti cha Daraja la Kwanza. Farhan, ambaye tangu azaliwe hajapata kupewa cheti cha kitu chochote, alikikunja taratibu akakitia kwenye mfuko wa shati. Mimi vijana hawa nawaonea huruma, nasema kweli. Wanachotaka ni mtu wa kuwaambia kuwa na wao wamo, basi.

Sasa, Mratibu naye alikuwa na moyo, jambo ambalo waraka haukulitaja. Alimpenda Naila, binti wa Mzee Majaliwa seremala. Alimpenda hasa, hata akilitaja jina lake mate yanamkauka. Alhamisi Naila alimpigia simu.

"Jumamosi inakuja posa nyingine," alisema. "Mtu wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi, simjui hata sura. Baba kasema atakayeingia mwanzo ndiye atakayesikilizwa mwanzo. Njoo na mzee wako baada ya alasiri. Baba hataki makuu, Sufiani. Anataka asikie hodi yako tu."

"Nitafika," alisema Sufiani. Kuhusu hodi hakusema kitu.

Jumamosi alifika kweli, na mjomba wake, Mzee Bwanausi, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi. Farhan ndiye aliyewaleta kwa bajaji, na kwa kuwa ni mwenye cheti, alikabidhiwa kazi ya kurusha tukio mubashara kwa simu ili umma ujionee posa ya kwanza iliyozingatia waraka. Mlango wa Mzee Majaliwa ulikuwa wazi, pazia tu limeshushwa. Harufu ya kahawa ilitoka mpaka barazani.

Mzee Bwanausi alikohoa. "Haya, piga hodi."

"Haipigwi, mjomba. Ipo kwenye waraka."

"Basi nipige mimi."

"Na wewe ni jinsia ya kiume, mjomba."

"Sikiliza, mwanangu. Hodi hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa unarudi kwako, wala si fedheha. Sisi tumekuja kuomba mke."

"Hatukuja kuomba. Tumekuja kuarifu."

"Tumwarifu nani? Pazia?"

Wakasimama. Kivuli cha nyumba ya pili kikawafikia miguuni, kisha magotini. Ndani Mzee Majaliwa alisikika akiuliza, "Bado tu?" na Naila akajibu, "Bado, baba." Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Sufiani. Akaitupia jicho simu ya Farhan, akaona watazamaji elfu sita, akalimeza.

Ndipo ikaja bajaji nyingine. Akashuka kijana mwenye kanzu nyeupe, tenga la mananasi mikononi, baba yake nyuma.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, mzee," alimwambia Bwanausi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bwanausi, kama mtu aliyepewa maji.

Kijana akavua viatu. Akasimama kando ya mlango asije akachungulia ndani, akaita kwa upole, "Hodi, wenyewe! Hodi hapa."

"Karibu!" Mzee Majaliwa akaitikia.

Farhan aliganda na simu yake. "Mratibu. Sauti hiyo."

Sauti hiyo Sufiani aliijua. "Komandoo?"

Kijana akageuka, akatazama chini. "Mikdad, ndugu yangu. Mikdad wa Kiwangwa." Kisha akanong'ona, "Ile ni kazi. Hii ni posa."

"Lakini simba hapigi hodi."

"Simba haoi, ndugu yangu."

Pazia likafunuliwa. Naila alisimama mlangoni, akaanza na Mikdad. "Wewe ndiye unayewafunza wenzio wasipige hodi?"

"Ni riziki tu, bibie."

"Na wewe ukamwamini." Sasa alimtazama Sufiani. "Nimekaa nyuma ya pazia hili tangu alasiri. Nilikuwa nakiona kivuli chako. Nikasema, sasa hivi ataita, sasa hivi ataita."

"Baba," Naila akasema bila kugeuka, "hapa pana wanaume wawili. Mmoja adabu anayo ila wenzake anawanyima. Mwingine alilelewa nayo, akaipiga muhuri akaifuta."

"Na mananasi?" Mzee Majaliwa aliuliza kutoka ndani.

"Wataondoka nayo."

Mlango ukafungwa, komeo likalia. Mikdad akajitwika tenga lake, akaondoka na baba yake. Farhan akazima simu, akatoa cheti mfukoni, akamrudishia Mratibu kwa mikono miwili. "Mimi nakwenda kwa shangazi, bosi," alisema. "Nitapiga hodi." Bajaji ikaondoka.

Sufiani akausogelea mlango.

"Hodi," alisema.

Ndani kikombe kiliwekwa juu ya kisahani.

"Hodi."

Mtu alipita, akaenda zake uani.

"Hodi, Naila."

Mzee Bwanausi alingoja kidogo, kisha akamshika mpwawe mkono. "Tatu zimetimia," alisema. "Turudi."

Wakarudi kwa miguu. Njia nzima, kila ukuta ulikuwa na saini yake.